Barua ya wazi kwa wanaotoa nishani: tupeni na maisha ya marehemu

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Rais ya Tuzo,
Kwa Waziri wa Ulinzi na Masuala ya Maveterani,
Kwa Mkuu wa Majeshi, UPDF (Jeshi la Ulinzi la Uganda), Mbuya.

Waheshimiwa, maafande,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni raia, mtoto wa askari. Kiswahili changu nilikipata baraksi, kwenye foleni ya maji na pembeni mwa uwanja wa gwaride, miaka mingi kabla serikali haijaamua kwamba kila mtoto akisome shuleni. Nina ombi moja tu kwenu. Mnapomtunuku nishani ya ushujaa afisa aliyekwisha kufa, tupeni na maisha yake. Tuambieni alifanya nini, wapi, siku gani, na nani anapumua leo kwa sababu yake. Yaandikwe, yasomwe hadharani, familia ipewe nakala, na karatasi hiyo ikae mahali ambapo hata mpita njia anaweza kuisoma.

Mnajua ilivyo sasa, kwa kuwa ninyi ndio mnaokaa jukwaani. Inafika Tarehe Sita, ile sikukuu ya jeshi ya tarehe 6 Februari, au tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa. Mshereheshaji anasoma cheo, jina, aina ya nishani. Mjane anapanda taratibu, anakabidhiwa kisanduku, kamera zinapiga, makofi, linaitwa jina linalofuata. Simlaumu mshereheshaji, orodha ni ndefu na jua ni kali. Lakini tukitoka pale, ukimshika mtu yeyote mkono umuulize yule marehemu wa nne alitenda nini, atakuangalia tu.

Hapa mtaani kwetu Walukuba yuko mama mmoja, simtaji jina, ambaye mumewe hakurudi kutoka Somalia. Kisanduku chake kiko kwenye kabati la vioo, kati ya chupa ya chai na maua ya plastiki, na cheti kimewekewa nailoni ngumu kisiharibiwe na mvua inayopenya mabati. Cheti kina nembo ya taifa, jina, cheo, jina la nishani na sahihi. Mjukuu wake, ambaye bado yuko shule ya msingi, alimuuliza mbele yangu babu alifanya nini. Mama akamjibu kwamba babu alikuwa jasiri. "Jasiri vipi?" Yule mama akabaki anaitazama picha. Anachokijua ni kile alichosimuliwa na rafiki wa mumewe siku ya mazishi, na yule rafiki mwenyewe alisimulia nusu, kwa sababu jenerali alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Sasa naomba mnivumilie niwasimulie habari za afisa ambaye hakuwa Mganda. Namleta yeye kwa sababu naweza kuyaeleza maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, mimi raia, bila kumsumbua mtu hata mmoja aliyevaa gwanda. Niambieni ni maafisa wetu wangapi waliotunukiwa baada ya kufa ambao raia wa kawaida anaweza kuwasimulia hivyo.

Kapteni Mbaye Diagne alizaliwa mwaka 1958 huko Coki, Senegal, katika familia ya watoto tisa. Alisoma Chuo Kikuu cha Dakar, kisha akaingia chuo cha maafisa cha Thiès. Alitumikia Casamance, kusini mwa nchi yake, kulikokuwa na uasi. Mwaka 1993 akatumwa Rwanda kuwa mwangalizi wa kijeshi, na ndivyo alivyojikuta katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoitwa UNAMIR, chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Dallaire huyohuyo ndiye aliyesimamia pia kile kikosi kidogo cha UNOMUR kilichokaa Kabale kuangalia mpaka wetu na Rwanda, kwa hiyo habari hii haikutokea mbali nasi. Mbaye alikuwa mrefu, mcheshi, Mwislamu wa kushika dini. Na alikuwa mwangalizi, yaani hakubeba silaha.

Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Asubuhi ya tarehe 7 Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, akauawa. Askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa wametumwa kumlinda nao wakauawa siku hiyohiyo. Watoto wa Waziri Mkuu walikuwa wamefichwa jirani, katika makazi ya watumishi wa Umoja wa Mataifa. Diagne akaenda, akawakuta, akawapakia kwenye gari lake na kuwapitisha hadi Hoteli ya Mille Collines. Baadaye walitolewa nje ya nchi. Wako hai.

Angeweza kuishia hapo na bado angestahili nishani, lakini aliendelea. Kigali ilikuwa imejaa vizuizi barabarani, vijana wenye mapanga na bia, kila mmoja anataka kuona kitambulisho. Diagne alikuwa akiwabeba watu wachache wachache, watatu, wanne, watano, maana gari lililojaa lingetiliwa shaka, na kila safari ilimaanisha vizuizi kadhaa vya kwenda na vya kurudi. Silaha yake ilikuwa mdomo. Alitania, aligawa sigara, aliwafahamu walinzi wa vizuizi na wao wakamfahamu. Waliookolewa wanahesabiwa kwa mamia, na wapo wanaosema wanafika elfu. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kukipunguza kikosi chote kibaki watu 270, na wengi wakapanda ndege. Yeye alibaki na shughuli yake ileile.

Tarehe 31 Mei alikuwa akirudi na ujumbe wa maandishi kutoka kwa mkuu wa jeshi la serikali kwenda kwa Dallaire. Akasimama kwenye kizuizi. Kombora la mota likaangukia nyuma ya gari, kipande cha chuma kikapita kwenye kioo cha nyuma na kumpiga kichwani. Alifia palepale, akiwa na miaka 36. Kikosi hakikuwa na hata mfuko wa kubebea maiti, wenzake wakamfunga kwa turubai la plastiki. Nyumbani Senegal aliacha mke na watoto wawili wadogo.

Kisha kimya. Miaka ikapita. Senegal ilimtunuku mwaka 2005. Rwanda ikampa nishani yake ya Umurinzi mwaka 2010. Umoja wa Mataifa aliokuwa anautumikia ulisubiri hadi tarehe 8 Mei 2014, miaka 20, ndipo Baraza la Usalama lilipopitisha azimio namba 2154 la kuunda Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee. Ndani ya azimio hilo Baraza lilieleza masikitiko kwamba familia yake haikuwahi kupokea neno la shukrani kutoka kwa wakuu wa Umoja wa Mataifa. Nishani ya kwanza ilikabidhiwa kwa mjane na watoto wake New York tarehe 19 Mei 2016. Wale watoto wadogo walikuwa watu wazima.

Maafande, mimi sina haja ya kuusifu Umoja wa Mataifa, ambao mwaka 1994 uliwaacha watu wafe. Ninachokitaka ni mkitazame kilichoandikwa. Ukisoma azimio lile unajua mtu huyu alifanya nini, na mtoto wake wa kiume akiulizwa "jasiri vipi?" ana jibu.

Na wa pili kupewa nishani hiyo alifia karibu kabisa na sisi. Ni Private Chancy Chitete wa Malawi, aliyeuawa Novemba 2018 karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, katika mapambano na ADF, waasi hawa tunaowajua kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa walitoka kwetu. Alimvuta mwenzake wa Tanzania aliyejeruhiwa na kumtoa kwenye risasi, yule Mtanzania akapona, Chitete akafa. Mwezi Mei 2019 familia yake ilikuwa New York ikipokea nishani, na kisa kizima kikatangazwa dunia nzima, na aliyeokolewa akijulikana. Ilichukua miezi sita tu. Kwa hiyo mkiniambia habari za vitani ni siri na haziwezi kutolewa, nitawaomba mnieleze ni siri gani ya ADF iliyovuja kwa sababu tulijua askari mmoja alimburuta mwenzake hadi mahali salama.

Sikatai kwamba siri zipo. Mahali kikosi kilipo, idadi ya silaha, aliyeleta taarifa, hayo mnayaficha na mna haki. Lakini mtu aliyesimama akazuia adui ili wenzake waondoke, hilo adui tayari analijua, alikuwepo. Asiyejua ni mama yake.

Chukueni Bulo Marer. Alfajiri ya tarehe 26 Mei 2023 al-Shabaab waliishambulia kambi yetu huko Somalia. Rais mwenyewe alitangaza kwamba miili 54 ilipatikana, pamoja na ya kamanda. Tulishukuru kwa kuambiwa idadi, maana kuna nchi zisizotangaza. Katika taarifa ileile tulisikia pia majina ya maafisa wawili walioamuru askari warudi nyuma na kwamba wangefikishwa mahakama ya kijeshi. Basi nchi ikabaki na vitu viwili kichwani: namba, na majina ya waliolaumiwa. Je, waliobaki kwenye mahandaki wakipigana? Luteni kanali aliyekufa na askari wake, saa zake za mwisho zilikuwaje, alitoa amri gani, nani alimsikia kwa mara ya mwisho kwenye redio? Walionusurika wanajua. Wengine wameshahamishiwa vikosi vingine, wengine wamestaafu na wanaendesha bodaboda. Kama hakuna aliyekaa nao akaandika, kila mwaka unaopita anapungua mmoja.

Yameshatupata hayo. Waliopigana Luwero kuanzia mwaka 1981, katika vita vya msituni vilivyoiingiza serikali hii madarakani, sasa ni wazee, na kila mwezi tunazika. Tarehe 9 Juni yenyewe imesalimika kwa sababu watu wa Kikandwa, Semuto, hawakukubali isahaulike: siku hiyo mwaka 1981 Edidian Luttamaguzi aliuawa kwa kukataa kuonyesha waasi walikojificha, akauawa pamoja na majirani zake. Hakuwa askari. Lakini kila mtoto wa Semuto anaweza kukueleza alikataa kusema nini na ilimgharimu nini. Tuna wanajeshi wangapi, wenye nishani za kila daraja, ambao watoto wa vijiji vyao wanaweza kuwaeleza hivyo?

Kuna jambo jingine ambalo maisha ya Diagne yanatulazimisha kuliongea, na najua halipendezi baraksi. Alikuwa anakwenda kinyume na maagizo. Waangalizi waliambiwa wasiingilie. Kila safari yake ilikuwa ni kuvuka mstari huo. Dallaire alijua, na hakumzuia wala hakumshitaki. Sasa fomu yenu ya kumpendekeza mtu kwa nishani, ambayo huanzia kwa kamanda wake, ingempokea afisa wa namna hiyo? Nidhamu ndiyo jeshi, baba yangu alinifundisha hilo kwa mkanda. Lakini afisa anayeuawa akiwatoa raia kwenye nyumba inayoungua wakati ameambiwa abaki kwenye gari, kamanda wake ataandika nini? Ninavyoijua tabia ya ofisi, hataandika chochote. Ndiyo maana naomba pendekezo lisiwe la kamanda peke yake. Raia aliyeokolewa naye apewe mlango wa kubisha. Diagne asingejulikana kamwe kama tungesubiri wakuu wake wa New York. Waliomtangaza ni waliookolewa, wenzake wa kikosini, na waandishi wa habari waliomwona akipita.

Na la pili halipendezi zaidi. Kombora lililomuua Diagne lilipigwa na upande wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Rwanda. Serikali iliyotokana na RPF ndiyo iliyompa Umurinzi mwaka 2010. Hawakujificha nyuma ya hoja kwamba alikuwa kwenye kizuizi cha adui. Je, sisi tumefika hapo? Walikuwepo maafisa wa UNLA, jeshi la serikali ya wakati ule, waliokuwa Luwero. Wengi walifanya tunayoyajua, na sitayapaka rangi. Lakini katika jeshi zima, miaka yote ile, hakuna hata mmoja aliyesimama mlangoni akasema hawa ni wanawake na watoto, hamuingii? Siamini. Kama yupo na aliuawa kwa hilo, jina lake liko wapi?

Twendeni Entebbe, uwanja wa zamani. Pale kuna kumbukumbu ya Luteni Kanali Yonatan Netanyahu wa Israeli, aliyeuawa usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 alipokuja na wenzake kuwaokoa mateka. Nchi yake ilimtunuku akiwa amekufa, maisha yake yanafundishwa, na sisi tumewapa nafasi wageni waje kumkumbuka kwenye ardhi yetu. Sina ubishi na hilo. Ila askari wa Uganda waliokufa usiku uleule ni makumi. Walitumikia utawala mbaya, ndiyo. Wengi walikuwa vijana waliopangiwa zamu tu. Simwombei mtu nishani hapa. Nauliza tu kama ofisini kwenu kuna faili lenye majina yao.

Narudi kwenye ombi langu. Sheria ya Nishani na Tuzo za Kitaifa ya mwaka 2001 iliwapa nishani za kutosha, Katonga, Kabalega, Rwenzori, Masaba, Kagera na nyinginezo. Hamhitaji kutunga mpya. Mnahitaji ukurasa mmoja kwa kila marehemu. Uandikwe na mtu aliyekaa na walioshuhudia, na kazi hiyo ianze wiki chache baada ya mazishi, wakati kumbukumbu bado mbichi na mashahidi bado wako pamoja. Useme alizaliwa wapi, alisoma wapi, alijiunga lini, alipenda nini, kisha useme siku ile ilivyokuwa. Kama alikuwa mkali, useme alikuwa mkali. Watu hawalii kwa sababu ya sifa za jumla. Wanalia wakisikia kwamba kabla ya kutoka alimwachia koplo wake sigara za mwisho.

Usomwe kwa Kiswahili. Tarehe Sita yenyewe tunaiita kwa Kiswahili, amri zenu ni za Kiswahili, na tangu mwaka 2005 hii ni lugha rasmi ya pili ya nchi, lakini sifa za marehemu mara nyingi tunazisikia kwa Kiingereza, lugha ambayo bibi wa watu kutoka Kitgum au Bundibugyo anaisikiliza kwa adabu tu. Na usomwe pia kwa lugha ya kwao siku nakala inapopelekwa kijijini. Nakala moja ibaki kwa mjane. Moja iende shule aliyosoma marehemu, ibandikwe ukutani. Moja iingie kwenye Gazeti la Serikali, ikae humo hata sisi sote tukishaondoka.

Mtasema kazi ni nyingi na orodha ni ndefu. Basi punguzeni orodha. Afadhali maafisa watatu kwa mwaka tunaowafahamu kuliko mia moja tunaowapigia makofi kwa mazoea.

Na kwa kuwa nimewashika sikio, niongeze hili dogo ambalo si dogo. Mjane huyohuyo mnayempigia saluti jukwaani, kesho yake yuko kwenye korido na bahasha ya kaki: barua ya mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), picha za pasipoti, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, nakala ya cheti cha kifo, halafu anaambiwa muhuri umefifia, arudi wiki ijayo. Anayemhudumia hajui kwamba mbele yake amekaa mke wa shujaa. Atajuaje? Hakuna karatasi inayosema. Ule ukurasa mmoja ninaouomba ungekuwa juu ya faili lake, na karani angeusoma kabla hajanyanyua macho kumuuliza kwa nini amechelewa kuleta kiapo.

Kabla ya Tarehe Sita ijayo chagueni afisa mmoja tu. Nawapendekezea aliyekuwa kamanda pale Bulo Marer, kwa sababu walionusurika bado wapo na tukio bado halijafunikwa na mengine. Mtumeni kwenye kambi za Bombo na Singo afisa mmoja mwenye sikio zuri na kalamu, akae na askari wale, awaache waongee Kiswahili chao, asiwasahihishe. Akimaliza, kabla hati haijapelekwa Kololo kwenye uwanja wa sherehe, aisome kwanza kwa familia ya marehemu, wao wakiwa wamekaa na yeye amekaa, wamwambie palipokosewa.

Ni mimi, mtoto wa baraksi,
Walukuba, Jinja.

Nakala: wajumbe wa kamati ya Bunge inayoshughulikia ulinzi.